Udi wa Bi Rahila

Khole binti Harub alishuka kwenye Land Cruiser katikati ya foleni ya magari mtaani Wadi Kabir, mlango akauacha wazi. Honi zikamlilia kila upande.

"Rudi garini!" Sleiman, mkubwa wake wa polisi, alifoka redioni. "Hilux nyeupe ziko tatu. Foleni ikifunguka zinatawanyika, na mimi nna watu wa kuzuia moja tu!"

"Basi ngoja nikwambie ipi."

Khole akaanza kupenya kati ya magari. Katika moja ya gari hizo mlikuwa na kipima kina kilichoibwa karakana, kifaa cha kwenda Titani, mwezi wa sayari ya Zohali, kupima bahari zake za gesi iliyogeuka kimiminika kwa baridi. Huko kingepima bahari. Huku, mikononi mwa walanguzi, kingewinda nyambizi za watu. Ndege ya kukipeleka kwa warushaji wa roketi ilikuwa inakisubiri.

Na aliyekiunda, Bi Rahila, mama yake mdogo, alikuwa ndani tangu asubuhi. Ufunguo wa karakana alikuwa nao yeye, basi Sleiman akamwita mwizi. Mwizi! Wa kitu alichokilea kama mwana!

Mchana, kabla ya foleni hii, Khole alikuwa amemkuta mahabusu, kajiinamia.

"Nimekosa, mwanangu. Nilikifukiza."

"Umefukiza chombo cha angani?"

"Sanduku la nje tu, na blanketi lake. Kwa udi wangu wa sukari. Karakana hawataki hata vumbi, wakijua watanifukuza. Lakini kinakwenda Zohali, Khole! Nikiache kisafiri hakinukii?"

Udi ule Bi Rahila aliupika mwenyewe, kama alivyofunzwa Unguja. Khole kalelewa ndani ya moshi wake.

Sasa, Hilux ya kwanza aliyoifikia ilinuka dizeli.

Ya pili, papa mkavu.

Ya tatu ilifunikwa turubai. Khole akainama kama anayefunga kiatu, akavuta pumzi.

Harufu ya sikukuu nyumbani kwao.

"Ya tatu," alinong'ona redioni. "Njooni."

Magari ya mbele yakaanza kusogea. Dereva akageuka. Zahor! Mlanguzi wa silaha, kilemba kakishusha mpaka nyusini. Akatoa bastola dirishani. Khole akaudaka mkono ule, akaukunja kwenye ukingo wa mlango mpaka ukalia. Bastola ikaanguka lamini. Khole akachomoa bastola yake, Glock, ikamgusa Zahor shavuni.

"Zima gari, mwanaharamu."

Akazima.

Sleiman alifika anahema. Sanduku lilikuwa salama, lakiri haijaguswa.

"Umejuaje?"

"Udi wa nyumbani kwetu. Na kwetu mgeni akishafukizwa huaga, hakai tena; kipima kiwahishe uwanja wa ndege."

"Mungu akupe heri. Nitamtuma mtu akamfungulie Bi Rahila."

"Humtumi mtu." Khole alimkatiza kwa ghadhabu. "Ulimwita mwizi kwa mdomo wako. Utakwenda kwa miguu yako, umwombe radhi mbele ya wote waliosikia. Na akikuuliza kama kilinukia, mwambie kilinukia."

Sleiman akainamisha kichwa.

Khole akairudisha Glock kiunoni, akajitanda mtandio, akarudi garini taratibu. Honi bado zilikuwa zinamlilia.

Akaziacha zilie.