Mchanganyiko wa Saba

Kwa wiki tatu nyumba yao ilikuwa ya kuruka mbao na kukwepa mifuko ya saruji. Kila asubuhi binti alichota maji, akamtolea bibi yake kiti sebuleni, kisha akachukua daftari na kumfuata mama yake kazini, yaani chumbani kwa bibi. Mama alikuwa fundi mwashi, na kwa ajili ya hilo daftari alimwita binti yake Karani. Wote walikuwa hoi.

Sakafu ya zamani ya chumba hicho ilikuwa na ubaridi wa kutisha. Kila msimu wa baridi magoti ya bibi yalikakamaa, akashindwa kusimama bila kushikwa. Mama aliibomoa, na sasa alikuwa akijaza zege la povu. Bibi aliposikia hivyo aliuliza kama nguo nazo zitafuliwa humo humo. Mama akamweleza kwamba povu hutia viputo vya hewa ndani ya zege, na hewa hiyo ndiyo huzuia ubaridi wa ardhini usipande.

Kazi ya Karani ilikuwa moja. Kabla mchanganyiko haujamwagwa, ajaze ndoo ya lita kumi, aitundike kwenye mizani, aandike uzito. Kilo sita ni sawa. Ikizidi sana, povu limekufa, na sakafu itakuwa baridi kama ile ya zamani.

Mchanganyiko wa saba ulichelewa. Mpira wa kuleta povu uliziba, mama akahangaika nao karibu saa nzima huku zege limekaa kwenye mashine. Ulipozibuka, aliuliza, "Kilo ngapi, Karani?"

Mikono ya Karani ilikuwa inauma. "Sita," alijibu, akaandika sita, wala hakuigusa ndoo. Zege likamwagwa kwenye kona ya kitanda cha bibi.

Walipokaa kunywa chai, bibi alijikongoja hadi mlangoni, akauliza kitanda chake kitakaa wapi. Karani alinyoosha kidole, na hapo akaona kwamba zege la kona limetitia kina cha vidole viwili: povu lilikuwa limekufa.

"Basi mwaka huu nitashuka kitandani mwenyewe," bibi alisema.

Chai ilimshinda Karani. Aliona aibu mpaka macho yakamlowa.

"Mama, ule wa saba sikuupima. Nilichoka, nikaandika tu."

Mama aliweka kikombe chini, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyopasuka kwa saruji. Hakugomba. Alichukua sepetu mbili, moja akampa binti yake, wakaanza kulichota zege kabla halijashika. Ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Mchanganyiko mpya ulipokuwa tayari, Karani alitundika ndoo na kumwita mama aje asome mwenyewe. Kilo sita na robo.

"Mimi pia nilijua lile zege limekaa sana," mama alisema. "Nilikuuliza nikiomba tu unijibu sita. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, sema, tutapumzika. Lakini ukiandika usichokipima, gharama yake itamfika atakayekanyaga hapa."

Baridi ilipoingia, asubuhi moja bibi aliketi ukingoni mwa kitanda na kushusha nyayo zake sakafuni. Karani alimpa mkono kama kawaida. Bibi akauangalia, akasimama peke yake, taratibu.

"Hebu nipishe," alisema, "napita."