Ndizi ya Tumbili

Msimu wa mahindi, Karambu hakukaa nyumbani. Alishinda shambani kwake Muthara akiwafukuza tumbili kwa mawe na kelele. Jioni alirudi sauti imekauka.

Siku moja akina mama wa kanisa lake walitembelea mbuga ya wanyama. Walipoketi kula, tumbili mmoja alikuja akiwa amebeba mtoto kifuani. Alinyoosha mkono kama mtu anayeomba.

"Maskini, mama mwenzangu!" alisema Karambu. Alipiga chafya, akajifuta pua kwa kiganja, akampa ndizi.

Tumbili alikula, akataka nyingine. Karambu alipofunika kikapu, mnyama alimrukia, akamuuma mkono, akatoroka na chapati. Damu ilichuruzika kidogo.

Askari wa mbuga, mwanamke aitwaye Wambeti, alikuja mbio.

"Nani amempa chakula?"

"Ni mimi. Nimemtendea wema, naye ameniuma!"

Wambeti alimpeleka kwenye mfereji wa maji, akaufungua, akampa sabuni. "Osha kidonda kwa maji yanayotiririka. Dakika kumi na tano, usiache."

"Kwa kidonda kidogo hivi?"

"Hata kikiwa kidogo, kinaweza kuingiza kichaa cha mbwa; hata tumbili huweza kuwa nacho. Dalili zikishaanza, ni vigumu mtu kupona. Tukitoka hapa ni hospitali, daktari aangalie kama utachanjwa leo leo."

Tumbili na kichaa cha mbwa? Karambu aliongeza sabuni.

"Mimi sielewi," alisema. "Shambani nikiwatupia mawe, mnasema ni vibaya. Hapa nimewapa ndizi, ni vibaya. Kwani mnataka niwafanye nini?"

"Shambani wafukuze kwa kelele, mama. Lakini huku ni kwao. Watazame tu. Tumbili akizoea chakula cha watu, huacha kutafuta chake. Asipopewa, ananyang'anya. Mwisho anaonekana ni hatari, na huenda akauawa."

"Hata yule mwenye mtoto?"

"Hata yeye. Tena naona una mafua, na pua unajifuta kwa kiganja. Bila shaka ndizi uliishika kwa mkono huohuo. Magonjwa yetu yanaweza kuwapata na kuwaua."

Maji yaliendelea kumwagika mkononi mwa Karambu. Alikuwa amekuja na huruma. Sasa hakujua aiweke wapi.

Hospitalini alidungwa sindano, akaambiwa arudi kwa nyingine. Alirudi kila alipoitwa. Kila asubuhi alijigusa uso, asijue kama ana homa au ni hofu tu. Lakini kidonda kilipona, naye akabaki mzima.

Mwaka uliofuata kikundi kilipanga safari tena. Karambu alisimama mbele ya wenzake.

"Chakula tubebe kwenye mikebe yenye vifuniko, na tule tukiwa ndani ya gari. Takataka turudi nazo. Wanyama tusiwaguse. Na mwenye mafua abaki nyumbani."

"Hata akiwa ni wewe?" aliuliza rafiki yake Ednah.

"Hata mimi."

Safari hiyo hakuna aliyeumwa. Tumbili walikuwa juu ya mkuyu wakila matunda. Mmoja alishuka, akapita karibu na akina mama, wala hakugeuza kichwa.

"Ametudharau!" Ednah alicheka.

Karambu alisikia uchungu kidogo, kama mtu aliyepitwa njiani bila salamu. Halafu akatabasamu.

"Mwache," alisema. "Ana kazi yake."