Mrija wa Fundi Lukeba

Kila siku akitoka shule, Bora alimpelekea baba yake chakula ufukweni Rumonge, Burundi. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Lukeba, aliyehamia kutoka Kivu, alikuwa fundi wa mashua. Kabla ya kumwamkia, Bora aliitazama kwanza mikono ya baba. Ikiwa imetulia, siku ilikuwa njema. Ikitetemeka, Bora alikosa raha mpaka jioni.

Tatizo lilikuwa pombe. Wanaume wa mtaani walikunywa pombe ya ndizi wakiwa wamezunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake wa tete. Fundi akimaliza kazi, alishukuriwa kwa chungu. Siku hizi Lukeba alijishukuru hata kabla hajashika nyundo! Jumapili Bora aliuiba mrija wa baba yake, akauvunja vipande vitatu, akajiona mjanja kweli. Jioni baba akarudi amelewa kuliko jana.

"Mirija iko mingi, mutoto yangu," alisema, akaenda kulala na viatu vyake.

Jumanne Bora alipofika ufukweni, baba hakuwepo. Nyundo ilikuwa imetupwa mchangani. Mashua ya mzee Hamisi, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, ilikuwa imepinduliwa, nyeusi kwa lami mbichi. Bora aligusa mahali mbao mbili zilipokutana, na kidole kikazama. Mle ndani mlitakiwa kujazwa pamba ya kuzuia maji kabla ya lami, lakini pamba haikuwemo hata kidogo.

"Amahoro, Bora," Hamisi alisema nyuma yake. "Baba iko wapi?"

"Iko na malaria, mzee."

Maneno yalitoka yenyewe. Mama ndiye aliyemfundisha kujibu hivyo, na mwaka ule peke yake Lukeba alikuwa ameugua "malaria" mara ishirini.

"Pole yake. Lakini naona mashua iko tayari. Saa kumi na moja tunaiingiza ku maji, mimi na watoto yangu wawili."

Bora aliondoka mbio. Alifika sokoni, akageuka. Aliketi chini ya michikichi, akasimama, akaketi tena. Akisema kweli, baba atakosa kazi na mji mzima utajua. Akinyamaza, watu watatu watakuwa katikati ya ziwa na ufa ule. Mwishowe akarudi alikotoka, akikimbia.

"Mzee, nilisema uongo! Baba hana malaria. Iko ku pombe. Na mashua haina pamba."

Hamisi aliutafuta ufa, akachomeka msumari, nao ukazama wote. Bora alisubiri kofi.

"Cikuru, mwenye ninavua naye, unamujua?" mzee aliuliza.

"Namujua."

"Zamani alikuwa anaanguka ku maji kwa ulevi. Sasa iko mwaka muzima haonji. Kuna kikundi, watu wenye wanaacha pombe. Wanakutana kila Alhamisi kwa Mama Émérance, njia ya Kizuka. Mupeleke baba yako."

"Atakataa, mzee."

"Basi kesho asubuhi mulete kwanza hapa."

Asubuhi Lukeba alikuja amekunja uso. "Mimi si mulevi!" alisema kabla hajaulizwa. Hamisi hakubishana naye. Alimwonyesha ufa tu. Lukeba aliingiza kidole, akakitoa, akakiingiza tena.

"Hii nilifanya mimi?"

Akaketi mchangani, akalia. Bora hakuwahi kumwona baba yake akilia. Aliogopa, na hapohapo alimpenda mno.

Alhamisi wakashika njia ya Kizuka. Baba alisimama mara nne: mara kiatu kinabana, mara mvua inakuja, ingawa jua lilikuwa kali. Bora alimshika mkono na kumvuta kama mbuzi wa sokoni.

Kwa Mama Émérance, mjane mwenye sauti kubwa, watu tisa waliketi mikekani wakinywa chai ya mchaichai. Kila mmoja alitaja jina lake na siku alizokaa bila pombe. Cikuru alisogea, akampa Lukeba nafasi. Émérance akasukuma kikapu mbele yake.

"Hapa tunaanza na murija. Weka."

"Hana, Mama," Bora alisema haraka. "Niliuvunja."

Lakini baba aliingiza mkono kotini, akatoa mrija mwingine, mbichi bado. Bora alishangaa. Lukeba aliutazama kwa muda, mkono ukitetemeka, kisha akauweka kikapuni.

"Lukeba," alisema. "Siku moja."

"Karibu!" wakajibu wote.

Émérance akamgeukia Bora. "Mutoto yangu, murija ule ni baba tu mwenye angeweza kuuacha. Kazi yako wewe ilikuwa kuacha kusema malaria. Watu hawawezi kusaidia ugonjwa wenye hawajaambiwa. Umesema kweli, na sasa tuko wengi."

"Murakoze, Mama," Bora alishukuru.

Haikuwa rahisi. Wakati wa kiangazi Lukeba aliteleza, akalewa siku mbili, kisha akarudi mwenyewe Kizuka na kuanza tena kuhesabu moja. Mashua ya Hamisi aliiziba upya, ufa kwa ufa, na mvuvi akamshukuru kwa kitoweo cha ndagala.

Siku moja Bora alifika ufukweni na chakula, akamwamkia baba, wakala pamoja wakicheka. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amesahau kuitazama mikono ya baba.