Kipimo cha Mlango wa Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikisukuma kiti cha magurudumu cha babu yake hadi mlangoni pa bafu. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kukosa subira: alifagia chapuchapu, akaosha vyombo chapuchapu, na masizi yakabaki pale pale kwenye sufuria. Kufika mlangoni, Babu hakutaka tena msaada. Alishika magurudumu mwenyewe, akapita akijibana, na karibu kila siku fremu ya mlango ilimchubua vidole.

"Mlango huu na mimi tunajuana," alikuwa akisema, huku Bibi akimbandika plasta.

Taabu hiyo ilikuwa karibu kwisha. Baba na shangazi walikuwa wameamua kujenga nyumba pacha, mbili zinazoshikana kwa ukuta mmoja. Upande wa Baba kungekuwa na makazi ya Babu na Bibi: chumba, jiko, stoo, bafu na mlango wao wenyewe wa kutokea nje.

"Nitapata jiko ambalo hakuna wa kunifichia mwiko," Bibi alisema, akimtazama shangazi kwa pembe ya jicho.

Mchoraji ramani aliomba kipimo kimoja kutoka nyumbani. Babu apimwe akiwa kitini anasukuma magurudumu, kiwiko hadi kiwiko, kisha uongezwe upana wa kiganja kila upande. Hiyo ndiyo ingekuwa nafasi ya mlango wa bafu. Baba alimpa Chapuchapu futi kamba. Lakini Babu alikuwa amelala, na nje marafiki wa Chapuchapu walikuwa wameshaanza kuruka kamba. Akaupima mlango wa bafu la zamani. Kiti si hupita hapo kila siku? Akaandika "sentimita 70", akamwachia Baba karatasi, akatoka mbio.

Wiki kadhaa baadaye familia nzima ilikwenda kiwanjani. Fundi mwashi alikuwa amepigilia vigingi na kuvuta kamba kuonyesha vyumba vyote. Kesho yake vibarua wangeanza kuchimba msingi.

Babu alizungushwa chumba baada ya chumba, machozi yakimlengalenga.

"Wanangu, sikutegemea," alisema. "Asanteni sana. Na wewe mjukuu wangu, asante kwa kunipimia mlango. Sasa plasta basi!"

Akamnyooshea mkono. Plasta ya asubuhi ile ilikuwa bado kidoleni. Chapuchapu alihisi uso unamwaka moto. Shukrani ile haikuwa yake, na ukuta ukishajengwa, Babu angeendelea kuumia.

"Babu, sikukupima," alisema. "Nilipima mlango wa zamani. Nilikuwa nawahi mchezo."

Baba alifungua mdomo kugomba, lakini fundi akamuwahi.

"Kumbe! Nami nilishangaa, nikadhani kiti chenu ni chembamba. Mshukuruni amesema leo. Leo nahamisha kigingi. Mwezi ujao ningebomoa ukuta."

Akampa Chapuchapu futi kamba. Safari hii alimpima Babu mara mbili, bila haraka, akaongeza viganja. Zikapatikana sentimita tisini.

"Hizo ishirini tunazitoa wapi?" Baba aliuliza.

"Kwenye stoo yangu," Bibi akajibu papo hapo. "Sufuria hazina vidole."

Wote waliangua kicheko, hata Baba. Fundi alihamisha kigingi, akavuta kamba upya. Babu akapita kwenye mlango ule wa kamba, akageuka, akapita tena, wala kiwiko hakikugusa.

Kisha akamwita mjukuu wake karibu.

"Ulichofanya siku ile kilikuwa kosa, na usikirudie. Kazi ya mtu anayekutegemea haifanywi juujuu," alisema. "Lakini kipimo kibaya kinarekebishika mtu akisema. Ungenyamaza, ningejigonga kwenye ukimya wako kila asubuhi. Kwa hiyo leo nakushukuru kweli."

"Asante, Babu," Chapuchapu alisema, na machozi yakamtoka.

"Haya, njoo unipimie nafasi ya rafu," Bibi aliita kutoka jikoni kwake, katikati ya kamba nne. "Na uje polepole, usije ukaning'olea ukuta!"

Chapuchapu alijifuta macho, akauzunguka ukuta wa kamba, akaingilia mlangoni.