Neno Moja Kabla ya Kibombo

Treni ilikuwa imeshaanza kutoka Kindu. Musafiri alikuwa bado nje yake.

Alikimbia kando ya reli, bidoni ya maji mgongoni, bastola ya Browning ikimgonga kiunoni chini ya koti lake la abakosti. Akashika chuma cha behewa la nyuma. Akajivuta.

Ndani.

Redio ya Motorola ikakoroma mfukoni. Mkubwa wake wa Idara ya siri hakuwa mtu wa salamu.

"Ulipanda?"

"Nilipanda."

"Zahabu tu. Wale watu si kazi yako."

Musafiri akaizima redio.

Wale watu walikuwa kwenye behewa la mizigo, moja mbele yake, mlango umefungwa kwa waya na muhuri. Wachimbaji wa Kampene na wake zao. Walizaliwa palepale, na wazazi ambao Wabeleji waliwaleta kutoka Burundi na Rwanda kuchimba madini. Sheria ya mwaka sabini na mbili iliwafanya raia wa Zaire. Sheria ya themanini na moja ikawanyang'anya uraia huo. Sasa walikuwa wanapelekwa Kalemie, wavushwe ziwa Tanganyika.

Na chini ya magunia ya mchele waliyopewa kama chakula cha njiani kulikuwa na zahabu ya Bulaimu. Hakuna mtu wa forodha anayepekua behewa la watu waliofukuzwa. Harufu peke yake inamrudisha.

Bulaimu alikuwa mfanyabiashara wa Kindu, beji ya chama kifuani, aliyejiita mutoto wa Tunda, kule karibu na Kibombo. Yeye ndiye aliyewaonyesha askari nani ni mgeni. Kidole chake kilitosha. Mwaka uliopita kidole hicho kilimwangukia Hamisi, kaka yake Musafiri, mwenyeji wa Pangi kabisa, si mgeni, kwa kosa la kuuliza zahabu inapita wapi. Wakamfungia behewani. Alikufa kwa kiu kabla ya kufika Kongolo.

Leo mjane wake, Pélagie, binti wa wachimbaji hao, alikuwa mle ndani.

Idara ilitaka zahabu. Musafiri alimtaka mwenye kidole.

Akapanda paani. Akatambaa, upepo ukimpiga, mpaka kwenye tundu la hewa la behewa la mizigo. Akateremsha bidoni kwa kamba.

"Shemeji. Niko miye."

Sauti ya Pélagie ilikuwa imekauka kama jani.

"Kwa Hamisi ulichelewa, shemeji. Usichelewe tena."

Akaendelea kutambaa.

Bulaimu alikuwa behewa la mbele, anakula na Ajida Okito, mkuu wa askari wa msafara. Musafiri aliingia na miwani ya Ray-Ban na chupa ya Johnnie Walker aliyoitoa ndani ya koti, akajitambulisha kama mnunuzi wa mchele. Mtu mwenye chupa kama ile hakosi kiti.

Bulaimu alisema sana. Alisema wageni wameijaza nchi. Alisema babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani akaoa Tunda, na kwa sababu hiyo Kiswahili chake kimenyooka kushinda cha wengine. Okito alicheka kidogo, akaendelea kula.

Kisha Bulaimu akamsogezea mpishi sahani yake.

"Niongezee kisamvu."

Musafiri akaacha kutafuna.

Majani ya muhogo, yametwangwa, yamepikwa na mawese. Kutoka Kindu mpaka Tunda, Mwislamu ao Mukristo, mtu anajua jina lake kabla hajaota meno. Sombe. Kisamvu ni neno la ng'ambo ya ziwa.

"Kule Tunda, citoyen," Musafiri akasema taratibu, "mama yako alikuwa anaita haya majani namna gani?"

Bulaimu akapepesa macho.

"Sombe. Njo vile nilisema."

"Hapana," Okito akasema, bila kuinua kichwa. "Haukusema vile."

Mkono wa Bulaimu ukaenda mfukoni. Wa Musafiri ulikuwa umeshaushika.

Sahani ikaruka. Kiwiko cha Musafiri kikampata kooni. Beretta ndogo ikaanguka sakafuni, na mwenyewe akaifuata, uso kwenye mawese.

Okito alishika bunduki bila kujua amwelekezee nani. Musafiri akamwonyesha kadi ya Idara, akamweleza kilichoko chini ya mchele. Okito akaapa kwamba hakujua. Labda.

"Stesheni ya Kibombo iko karibu, Ajida. Utashuka na sisi, ao utaendelea na yeye ndani ya behewa lake?"

"Nitashuka."

Kibombo walikuwapo wanawake wa Tunda, wameleta mchele wao kuuza. Musafiri akamsimamisha Bulaimu mlangoni, akawauliza nani anamjua huyu mutoto wao. Mama mmoja akamkagua kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyu? Huyu sisi hatukumuzaa. Tungemukumbuka, na kichwa kile."

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Babu yangu…" Bulaimu akaanza.

"Hamisi naye alikuwa na babu," Musafiri akamkata.

Okito akakata waya. Watu wakashuka, wengine wakibebwa. Pélagie alitoka wa mwisho, bidoni mkononi. Bulaimu akaiangalia. Aliomba maji, kwa sauti ndogo. Pélagie akayanywa yote yaliyobaki mbele ya macho yake, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Zahabu ikatolewa. Bulaimu akaingizwa. Waya. Muhuri.

"Zahabu?" redio ikauliza.

"Iko."

"Na Bulaimu?"

"Anarudi kwao."

Musafiri hakungoja treni ya kurudi Kindu. Alivaa Ray-Ban yake, akafuata reli kwa miguu kuelekea Kongolo, mikono mfukoni.

Bulaimu alifika Kalemie hai, midomo imepasuka, akavushwa ziwa kwa amri ileile ya kufukuza wageni aliyoiomba mwenyewe. Ng'ambo nako hakuwa na karatasi. Wakamfunga. Okito alihamishiwa mpakani, kulinda mto. Zahabu ilipelekwa Kinshasa, na huko haikusikika tena. Sheria haikubadilika. Pélagie anakaa Kindu, mtaa wa Mikelenge, hana karatasi, anauza sombe. Askari wananunua kwake, hawaulizi kitu. Musafiri alilipata kaburi la Hamisi, kando ya reli, na sasa kuna jina lake pale.