Osée wa Kampala, Aliyekuwa Kisangani

Jumapili asubuhi nyumba ya Wivine na Kataliko hunukia samaki wa kukaanga. Wao ni wafanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Siku za kazi wanauza mchele, chumvi na sabuni katika depo yao mjini Kisangani, na nyumba yao iko nyuma ya depo. Jumapili depo hufungwa. Wivine huponda ndizi za lituma. Simu huwekwa mezani, ikiegemea sufuria, ili wote wafuate misa ya parokia ya nyumbani.

Ndiyo, ni misa ya pili, maana ya kwanza wameshatoka kuisali hapa mjini. Kataliko hulalamika kila wiki kwamba Mungu ameshamsikia. Lakini nyimbo zikianza, sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Misa hiyo hupita kwenye intaneti. Vijana wa parokia walitengeneza ukurasa ili watu waliotawanywa na vita waweze kusali pamoja. Chini ya picha unaweza kuandika salamu. Desturi ni ile ile ya salamu za redio: unaandika jina lako, kisha mahali ulipo. "Émilie, Beni." "Familia ya Feruzi, Bunia." Watu wanapenda sana kuzisoma. Ndivyo wanavyojua nani bado yuko hai.

Mwaka huo wa 2025, mji wao wa nyumbani ulikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Osée, kaka mkubwa wa Wivine, alikuwa dereva wa lori. Watu wale walitaka awabebee masanduku yao. Alikataa, akatoroka, nao wakaapa kumpata. Sasa alikuwa amejificha kwa dada yake. Kule nyumbani walijua wawili tu, mama yao na binamu yao Hilaire. Wengine wote waliambiwa kwamba Osée amekimbilia Kampala.

Halafu baba yao akafariki kwa ugonjwa, na Osée hakuweza kwenda kumzika. Jambo hilo lilimuuma sana.

Jumapili moja padri alitaja jina la baba. Osée akachukua simu na kuandika: "Papa, lala na amani. Mwana wako Osée, Kampala."

"Yaya, mbona unaandika jina?" Wivine alimuuliza kaka yake kwa wasiwasi.

"Bon, ni muzuri vile. Bataona Kampala. Batanitafuta kule mpaka bachoke."

"Eh, beau, uko na akili!" Kataliko akamsifu shemeji yake.

Sifa hizo hazikukaa sana. Mchana Hilaire alipiga simu.

"Yaya Wivine, fungua page. Tazama chini ya salamu ya Osée."

Wivine alitazama. Chini ya maneno ya kaka yake kulikuwa na herufi ndogo za kijivu. Ukurasa wenyewe ndio ulioziandika: "Kisangani, RD Congo."

"Batu banacheka," Hilaire alisema. "Banasema Osée hajui hata fasi yenye iko. Lakini kuko bengine habacheki. Niliomba vijana bafute ile salamu, na banaifuta sasa hivi. Mais batu bengi balishaiona."

Wivine alizisoma tena herufi zile. Kule nyumbani kila mtu alijua kwamba ana depo Kisangani. Mtu anayemtafuta Osée katika mji huu angeanza kwake.

Kataliko alizima simu zote. "Basi! Telefone imekwisha katika hii nyumba!"

"Na misa ya kuondoa matanga?" Osée aliuliza polepole. Misa hiyo ya baba yao, kule parokia ya nyumbani, ilikuwa imekaribia. "Sikumuzika papa. Munataka nikose na ile?"



Wivine aliogopa, ndiyo. Lakini alikuwa na swali lililomwasha. Yeye ni mfanyabiashara, na akiibiwa hutaka kujua mwizi alipitia mlango gani. Osée hakuandika Kisangani. Basi ukurasa ulijuaje?

Akaenda kumwita jirani yao, Agathe, mwalimu wa informatique, yaani somo la kompyuta, katika shule ya sekondari. Agathe alikuja na sahani yake ya pondu mkononi, maana Jumapili hakubali chakula chake kipoe. Alisikiliza mambo yote akitafuna.

"Kwanza, Osée ahame leo," alisema. "Kile batu balishaona, balishaona. Kaka yangu Désiré iko na chumba kule Simi-Simi, upande ingine ya muji. Pale hakuna mutu anamujua."

Osée akaanza kufunga mfuko wake bila kubisha.

"Alors, sasa nielezee," Wivine alisema. "Ile page ilijua namna gani?"

"Maman Wivine, ukiagiza sabuni Butembo, mwenye kukutumia anapaswa kujua nini?"

"Fasi ya kuileta. Depo yangu."

"Voilà. Intaneti nayo iko vile. Ukifungua page, unaiomba picha na sauti. Page inapaswa kujua itavituma wapi. Donc unaipatia adresse. Ni namba tu, banaiita adresse IP. Inaenda yenyewe, hata kama haukuandika kitu."

"Kwa kila page?"

"Kila page."

"Na inasema mpaka nyumba?"

"Hapana. Inaonyesha compagnie yenye kukuuzia intaneti, na mara mingi muji. Mara ingine inakosea. Ukitumia intaneti ya simu, inaweza kusema Kinshasa. Lakini Osée alitumia wifi ya depo yenu. Ile ilisema kweli."

Kataliko, yule aliyesema simu imekwisha, alikuwa ameshasogeza kiti karibu.

Agathe aliweka simu yake kwenye wifi ile ile. Akafungua ukurasa unaomwonyesha mtu anwani yake. Ilitokea namba ndefu, na chini yake neno Kisangani. Kisha akagusa alama nyingine.

"Sasa ninawasha VPN. Ni mutu wa katikati." Akasubiri kidogo, akafungua tena ukurasa ule. Namba ilikuwa nyingine. Chini yake iliandikwa Johannesburg.

Kataliko akapiga meza. "Eh! Maman Agathe amefika Afrika ya Kusini bila passeport! Tena na pondu mukononi!"

Wote wakacheka, hata Osée.

"Simu iko hapa tu," Agathe alisema. "Lakini maombi yangu yanapita kwanza kwa machine ya Johannesburg, yamefungwa vizuri. Ile machine ndiyo inafungua page. Page inaona adresse ya kule, inajibu kule, na kule bananirudishia."

Wivine alifikiri. Watu wa katikati anawajua vizuri. Wengine wamempunja.

"Na huyu mutu wa katikati, yeye ananijua?"

Agathe akaweka sahani chini. "Hiyo ni swali ya muzuri! Ndiyo, yeye anaona adresse yako ya kweli. Donc unachagua mwenye kuaminiwa. Kuko zingine za bure, kumbe zinauza habari zako. Uliza: ni ba nani? Banakula wapi, nani anabalipa? Banaweka habari za batu ao hapana? Batu ba inje balishabachunguza?"

"Nikiwa nayo, ninaweza kuandika jina langu?" Osée aliuliza.

"Ukiandika jina, umesema jina. VPN inaficha adresse, haifungi kinywa. Ukiingia na compte yako, page inakujua. Ukiruhusu simu itoe localisation, fasi uko, umejitoa weye mwenyewe."

Jioni hiyo Osée alihamia Simi-Simi. Agathe alimwekea huduma ya kulipia aliyoichunguza mwenyewe. Akaipanga hivi: VPN ikikatika, intaneti nayo ikatike. Osée alifanya mazoezi kila siku. Anawasha VPN, anahakikisha mji unaoonekana, ndipo anafungua ukurasa mwingine.

Ilikuwa vizuri alihama mapema. Katikati ya wiki mtu mgeni aliingia depo. Aliuliza bei ya chumvi, kisha akamuulizia Osée.

"Ule?" Kataliko alijibu kwa hasira. "Tangu aende Kampala, haniulizi hata habari!"

Mgeni alichungulia uani. Aliona nguo za Wivine zikikauka, akaondoka bila chumvi.

Siku ya misa ya kuondoa matanga, Wivine alikwenda Simi-Simi. Osée aliwasha VPN. Akahakikisha: Johannesburg. Akafungua ukurasa wa parokia bila kuingia kwa jina.

Mama yao alikuwa ameketi mstari wa mbele. Wengine wote walitazama altare. Yeye alitazama kamera. Aliitazama tangu wimbo wa kwanza, na hakugeuza uso.

Kidole cha Osée kilikwenda mahali pa salamu. Kikaandika: "Maman, niko". Wivine hakumshika mkono. Alimtazama tu. Osée akafuta herufi moja moja mpaka zikaisha. Halafu akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia kaburini. Wivine akamkumbatia, naye akalia.

Jioni Wivine alikuwa amerudi nyumbani. Mama yao akapiga simu. Kwenye simu hakutaja jina la mtu.

"Nilimuambia Hilaire anikalishe mbele, fasi kamera inaona. Muliniona?"

"Tulikuona, maman."

"Bote?"

"Bote, maman. Hakuna mwenye alikosa."

 

"Bon," mama alisema. "Sasa papa yenu amezikwa."