Bipe Moja, Niko Muzima

Kri.

Mlio mmoja, mfupi, ukakatika kama uzi. Rachelle alifumbua macho gizani, akangoja wa pili. Haukuja. Nyuma ya ukuta wa udongo alimsikia mwenye nyumba, Mama Victorine, akicheka polepole, kicheko cha mtu aliyetiliwa kitu mkononi. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa sasa hivi, na mvua haikuwa imenyesha.

Kulipokucha hakuuliza upesi. Alikuwa mgeni, pikipiki ilimshusha Lusangi jana yake, na vumbi la njia ya Kasongo lilikuwa bado masikioni. Alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho wa masomo, na alichotafuta ni hiki: namna watu wasio na uniti, yaani salio, wanavyosemezana kwa simu bila kusema neno. Huku wanaita kubipe. Unapiga, inalia, unakata kabla mwenzako hajapokea. Na kila nyumba ina maana zake za bipe, kama ilivyo na namna yake ya kupika sombe.

Walipokwisha kunywa chai, aliwasha kinasa sauti, akawauliza wanawake wawili wa nyumba ile habari za mlio wa usiku. Mama Victorine alinyoosha kidole. Juu ya kabati, kwenye kitambaa cheupe, ilikaa simu ndogo nyeusi, peke yake, kama kitu cha ibada. Mwanawe alikwenda kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Kabambare, mvua za mwaka uliopita. Wenzake walirudi na habari ya shimo lililobomoka. Mwili haukuonekana, na mama alikataa matanga.

"Mutu anabipe kila usiku," alisema. "Nitamulilia namna gani?"

Rachelle aliuliza huyo kijana ni nani. Kabla hajamaliza, kiganja cha Mama Victorine, chenye harufu ya mawese, kilimfunika mdomo.

"Jina hapana."

Plamedi, mke wa kijana huyo, alimweleza kwa sauti ya chini. Anayeshuka shimoni anaacha jina lake mlangoni. Hakuna wa nyumba yake anayelitaja mpaka arudi, udongo usije ukalisikia ukamwita. Hata mama mtu, ambaye kijiji kizima kilikuwa kikimwita kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi, amerudi kuwa Victorine tu, kama msichana asiyezaa bado.

Rachelle aliomba radhi, akarudi kwenye bipe. Mlio mmoja maana yake nini?

"Moja ni: niko muzima," alisema Plamedi.

"Na mbili?"

Hapo ndipo Plamedi alipotabasamu kwa mara ya kwanza. "Mbili ni: niko kwenye muto, ukuje unipokee." Zamani, alisema, mume wake alipofika mtoni na mzigo mzito alikuwa anabipe mara mbili, naye anakwenda mbio, kata ya kubebea mzigo kichwani, wanagawana mzigo.

Alikuwa ameegemea kabati alipoyasema hayo. Rachelle aliona kioo cha simu kikipauka kidogo, kikazima, kama jicho linalopepesa. Alijiambia ni jua la dirishani.

Lakini shaka ilikwisha kumwingia. Kule Lusangi rezo, mtandao wa simu, haingii ndani ya nyumba. Mwenye kutaka kusema na mtu anapanda kilimani na kuinua mkono juu. Sasa hii ya kabatini inalia kwa rezo gani? Hapana, hapa kuna mtu. Mtu anatega simu ilie usiku, na anayeishika simu ile zaidi ya wenye nyumba ni mmoja: Faradji, anayechaji simu za kijiji kwa paneli ya jua kando ya soko. Labda anataka mama afurahi. Labda anataka Plamedi asiolewe na mwingine, amngojee marehemu mpaka yeye Faradji ajipange. Rachelle alimfuata alasiri akiwa na maneno makali tayari ulimini.

Faradji alimwona kwa mbali, akacheka. "Ni weye ule wa kuandika bipe za watu? Andika na yangu. Bipe tatu: niko na njaa."

Rachelle hakucheka. Alimwuliza habari ya simu ya Mama Victorine, na kicheko cha Faradji kikafa palepale. Alitazama huku na huku kabla ya kujibu.

"Ile haina betri, dada. Ilivimba, nikaitoa miye mwenyewe. Mama anaileta kila juma, ninaiweka pembeni, ninamurudishia. Ningemuambia nini?"

"Lakini inalia."

"Ninajua. Na hapa inalia."

Alisema mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akitibu watu wenye majini. Alimfundisha kwamba kinachokuita mara moja tu usiku si mtu. Ni kitu kiko kinajifunza kuita. Kinakaa penye maiti asiyeliliwa, kwa sababu nafasi yake iko wazi. Kinasikiliza. Kikijua la kusema, kinachukua wa kukaa naye.

Kinasikiliza. Rachelle akaona tena, akilini, kinasa sauti chake mezani, na Plamedi ameegemea kabati, na yeye mwenyewe, msomi, akiuliza vizuri, taratibu, swali moja moja, kama mwalimu mbele ya darasa.

Wakakimbia.

Jua lilikuwa linashuka walipokaribia nyumba, na kabla hawajafika uani waliisikia, kri, kisha, baada ya kimya kirefu kama cha mtu anayejaribu kukumbuka somo, kri ya pili. Na mlango ukafunguka, akatoka Plamedi amevaa kitenge chake cha sikukuu, kata kichwani, macho yamekodoka kuelekea njia ya mtoni, akipita katikati yao kana kwamba ni moshi, na Faradji alipomshika mkono alikokotwa yeye, mwanamume mzima, visigino vikilima mchanga, huku kila mahali alipokanyaga yule mwanamke pakibaki unyayo wa udongo mwekundu, wenye maji, udongo ambao hauko Lusangi.

Ndani, Mama Victorine alikuwa anapiga makofi polepole. "Amefika," alisema. "Mutoto amefika."

Rachelle aliichukua simu, akaifungua nyuma. Pale pa betri palijaa udongo ule ule, mbichi, unaopanda na kushuka kama kifua.

"Mama, kiulize jina," alinong'ona. "Asubuhi kimetusikia yote. Jina tu hatukulisema."

"Unataka kuniulia mutoto."

"Kama ni yeye, atalisema."

Toka njiani sauti ya Plamedi iliitikia, tamu, ya mbali: ninakuja, ninakuja. Na sauti ya Faradji ikimwomba Mungu. Mama Victorine alitazama mlango, akatazama simu. Akaiweka sikioni.

"Mwanangu," alisema, "nilikupa jina gani?"

Udongo ulimiminika ndani ya simu, kama unavyomiminika ubavuni mwa shimo. Kisha kikajibu, kwa sauti ya kiume iliyokaribia kuwa ya kijana wake. "Niko muzima."

"Jina."

"Niko muzima." Kikanyamaza, kikitafuta. Kikajaribu kwa sauti ya Plamedi: "Ukuje unipokee." Kikajaribu tena, na safari hii ilikuwa sauti ya Rachelle mwenyewe, ya asubuhi, yenye adabu, yenye hamu ya kujua: "Na mbili?"

Mama Victorine aliishusha simu. Alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya udongo, akafungua kilemba chake, akaweka mikono miwili kichwani kama wanavyoiweka waliofiwa. Alivuta pumzi ndefu, ya mvua zote alizongoja, na akalia kwa sauti iliyofika mpaka mtoni:

"Asani. Yooo, Asani wangu. Miye Mama Asani."

Ndani ya simu udongo ukaacha kupanda na kushuka, na kule njiani Plamedi akasimama.